Mshona Maturubai Asiyevuka Maseno

Baba Osman alikuwa na kawaida ambayo Malaba nzima, mji wetu wa mpakani, iliijua. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye gunia lake la kazi, alisimama kando ya barabara, akatafuta upepo unatoka wapi, kisha akaupa mgongo. Akanyosha mkono wa kulia, akanyosha wa kushoto, akaishusha yote miwili. Madereva waliolala ndani ya malori walikuwa wanapiga mswaki saa hizo, na walimcheka mate ya dawa yakiwatoka.

"Mzee, ndege inatua saa ngapi leo?"

"Leo haitui," aliwajibu. "Rubani ameoa kwenu, amechelewa kuamka."

Basi akakaa, akavaa kile kipande cha ngozi kiganjani, akapaka uzi nta, akaanza kushona. Kazi yake ilikuwa maturubai ya malori. Turubai likipasuka njiani kutoka Mombasa, mzigo ukaloa, dereva alimtafuta Osman. Alishona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na mshono wake ulikuwa wa kurudi nyuma mara mbili. Mtu akimwambia afanye haraka alisema, "Upepo hauna haraka, ila ukikuta tundu moja unaingia wote."

Mimi si damu yake. Alimuoa mama yangu, Rosebella, mtu wa Namboboto, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Yeye alikuwa mtu wa Lindi, mbali kusini, Tanzania. Alifika huku mwaka wa hamsini na nane akiwa juu ya mzigo wa chumvi, akashuka, na tangu siku hiyo hakurudi nyuma kupita Maseno. Pale Maseno, kwenye barabara ya kwenda Kisumu, pana kibao cha mstari unaokata dunia katikati. Mama akitaka kwenda Kisumu alikwenda peke yake. Baba alimsindikiza mpaka soko la Luanda, kabla ya kibao, akampa mfuko, akageuka.

"Una deni upande ule?" Mama alimuuliza siku moja.

"Sina deni na mtu. Nina kesi na upepo."

Kesi yenyewe aliisema mara moja tu mbele yangu. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, halafu ikakatika ghafla na jua likatoka. Mimi nilitaka kukimbia nje kuanua nguo. Akanishika kanga.

"Kaa kwanza," akasema. "Usiamini kimya."

Nikakaa. Akaniambia kwao mwaka wa hamsini na mbili kilikuja kimbunga. Kule vimbunga havikuwa jambo la kila mwaka, wazee wengi walikuwa hawajawahi kukiona hata kimoja. Upepo ulianza upande mmoja ukasukuma nyumba kama mtu anayesukuma ng'ombe mkaidi. Minazi ikalala. Halafu kukawa kimya kabisa, na mbingu ikafunguka juu ya kichwa. Baba yake akasema Alhamdulillahi, akatoka kumtafuta mbuzi.

"Kumbe tulikuwa katikati," Baba akasema. "Ule upepo unakwenda duara, mwanangu. Ulitupitia nusu, tukakaa kwenye kitovu chake, halafu nusu ya pili ikaja kutoka upande wa pili, kama mtu aliyesahau kitu akarudi. Mabati ya jirani yaling'oka. Bati moja lilimkuta baba uani."

Nguo zikaloa tena, maana mvua ilirudi kweli, ila ilikuwa mvua yetu tu ya kawaida.

Ndiyo sababu nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Mama alikuwa amenunua mabati kidogo kidogo, majirani wote wameezeka, sisi mabati yetu yalikuwa yamelala nyuma ya jiko, yamefungwa kamba na kuwekewa mawe. "Wageni wakija wanafikiri tunafuga mabati," Mama alisema.

Mambo ya mstari Baba aliyapata Mombasa. Baada ya kimbunga alikaa Lindi akaoa, akapata binti, lakini kila mwaka mwezi ule ukifika hakulala. Akamwacha mtoto kwa bibi yake akapanda kaskazini kutafuta kazi. Bandarini baharia mmoja akamwambia kwamba kimbunga hakijawahi kuvuka mstari wa dunia, kwa sababu dunia ndiyo inayokizungusha, na pale katikati dunia haina nguvu ya kukizungusha. Baharia akamfundisha na kile kitu cha kuupa upepo mgongo.

"Kwetu kusini," Baba alisema, "ukiupa upepo mgongo, kitovu cha kimbunga kiko mkono wako wa kulia. Watu wa kaskazini kabisa, kwao kiko kushoto. Hapa," akapiga vumbi kwa kisigino, "hakuna mkono. Ndiyo maana nalala."

Lakini hata hapa hakulala vizuri mwezi mmoja. Kimbunga cha kwao kilipiga Rajabu, watu wakijiandaa na Miraji. Kwa hiyo Rajabu ikiandama alipanda juu ya nyumba akafunga kamba kuvuka paa la nyasi, akaning'iniza mawe pande zote mbili.

"Si ulisema hapa hakiji?" Mama akamwuliza kutoka chini.

"Hakiji. Kamba ni adabu tu."

Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini macho sikuyaacha huko. Nilipokuwa mdogo kamba zile zilifungwa watu wakipanda mara ya pili, baada ya mavuno. Miaka ikaenda, zikawa zinafungwa mahindi ya kwanza yakiwa bado shambani. Rajabu ilikuwa inatembea kurudi nyuma. Niliona, ila sikujua kama ni kitu cha kusemwa.

Mwaka wa sabini na sita mambo ya nchi jirani ng'ambo ya mpaka yaliharibika, malori yakaanza kusimama Malaba. Leo mpaka umefunguliwa, kesho umefungwa, keshokutwa dereva anaambiwa karatasi hii si ile. Foleni ikafika mbali. Watu walipika kati ya magurudumu, wakafua, wakagombana, wakapatana. Baba alikuwa na kazi nyingi kuliko siku zote, maana lori likisimama turubai linapigwa jua mpaka linakauka kama papai bovu.

Katika foleni hiyo alikuwa Edris, dereva wa Mombasa, mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeita abiria hata akiwa anaomba chumvi. Ndugu yake aliendesha gari la Dar hadi Lindi, na maneno yalipita hivyo, dereva kwa dereva, mdomo kwa mdomo. Alikuja jioni moja akachuchumaa mbele ya Baba.

"Mzee Osman, nimebebeshwa mzigo wako. Hauna uzito ila umetoka mbali."

"Tua."

"Kadija anaolewa."

Kadija ndiye yule binti aliyeachwa kwa bibi yake akiwa na miaka miwili. Baba akaendelea kushona.

"Mume ni kijana wa huko huko, wana mikorosho. Siku imewekwa, ni Miraji. Bibi amesema kama huwezi, ami yake atasimama. Lakini mwenyewe Kadija amekataa. Amesema hataki wakili, hana baba maiti. Anataka mkono wa baba yake ndio ushike mkono wa bwana harusi."

Shazia ikasimama katikati ya turubai.

"Miraji," Baba akasema. "Rajabu."

"Ndiyo. Ukiondoka wiki hii unafika, unapumzika, unaoza, unarudi."

"Mwambie siku yoyote. Si Rajabu."

"Mzee, siku imeshawekwa."

"Edris, mimi si mjinga. Rajabu sivuki. Waambie wasogeze."

Usiku huo Mama hakumpa chakula mkononi, alikiweka chini mbele yake, na kwetu hiyo ni lugha.

"Mtoto amekuita," akasema.

"Nitakwenda."

"Lini? Wewe ni mbuzi amefungwa kamba Maseno. Kamba umeifunga mwenyewe na unalia inakukaba."

"Rosebella, hukuwepo."

"Sikuwepo. Lakini Kadija yupo."

Jibu likachukua muda kurudi, na lilirudi zuri kuliko Baba alivyotarajia. Watu wa kule walikubali. Baada ya Rajabu ilikuwa Shaabani, ami yake Kadija alikuwa safarini. Halafu Ramadhani. Baada ya Idi korosho zinaanza kuanguka, na familia ya bwana harusi haina mtu wa kukaa harusini mpaka korosho ziishe. Basi wakaweka Mfunguo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, Ijumaa baada ya Maulidi. Baba aliposikia alicheka, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. "Mwezi wa baraka," akasema. Rajabu yenyewe ilipita Malaba bila jani kutikisika, mawe yakining'inia kwenye paa kama mabuyu.

Madereva wakaendelea kukwama. Mbele hawaendi, nyuma wakirudi na mzigo tajiri atawafukuza. Mmoja alilalamika mbele ya Baba kwamba kukaa mahali pamoja kunaozesha mtu.

"Mimi niko kwenye foleni hii tangu hamsini na nane," Baba akamwambia. "Utazoea. Tafuta kivuli."

Korosho za kule zikiwa zinaelekea kwisha, huku kwetu Krismasi imepita, alikuja Ongodia. Huyu alikuwa Mteso wa Adungosi, amestaafu, alifanya kazi Nairobi kwenye mambo ya hali ya hewa. Kazi yake ilikuwa kujaza baluni kubwa kwa gesi nyepesi na kuzirusha, zikapanda juu na kile kidude cha kupima upepo. Alileta turubai lake la kuanikia nafaka ya wimbi, panya walikuwa wamelila. Wakaenda kungojea chai katika hoteli ya Mama Safia, mkabala na gunia la Baba, nami nikaitwa kubeba turubai.

"Yoga, Osman," akasema Ongodia, akimsalimu kwa Kiteso. "Nasikia unasafiri."

"Mfunguo Sita, inshallah. Namwoza binti. Rajabu imeshapita, hatari imepita."

"Rajabu ni nini?"

"Ni mwezi wetu. Ndio mwezi wa kimbunga."

Ongodia akakoroga chai yake. "Huo Rajabu uliopita ulikuwa lini? Watu walikuwa wanafanya nini shambani?"

"Mahindi. Walikuwa wanaanza kuvuna."

"Na mwaka ule wa kwenu?"

Baba akafikiri. "Ilikuwa masika. Mwezi wa nne wa kizungu."

Ongodia hakucheka. Ningekumbuka kama angecheka. Alisogeza kikombe pembeni.

"Bwana Osman, mwezi wenu unaangalia mwezi wa juu, si ndiyo? Sasa kimbunga hakiangalii mwezi. Kinataka bahari ya moto, na moto wa bahari unafuata jua. Kule kwenu kusini ni kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Julai bahari imepoa. Kimbunga kitakula nini?"

"Kwa hiyo Rajabu hii iliyopita…"

"Ungeenda ukarudi bila kulowa."

Mama Safia alikuwa anapanga mandazi, akaacha. Nikaona kidole gumba cha Baba kinasugua ile ngozi ya kiganjani ambayo alikuwa hajaivua.

"Na Mfunguo Sita?" akauliza. "Ni mwezi wa nane baada ya Rajabu."

"Itaangukia Machi," Ongodia akasema polepole. "Machi ndiyo yenyewe."

Nilifikiri Baba atainuka aondoke. Hakuinuka. Alisema kwa sauti ya chini, "Kimbunga nimemkimbia mahali ambapo hayupo, nikamwekea ahadi nyumbani kwake."

"Usiseme hivyo. Ngoja nikuonyeshe kitu. Mama Safia, una santuri iliyokwisha?"

Mama Safia alikuwa na gramafoni, na santuri moja iliyokwaruzika mpaka mwimbaji alikuwa anarudia neno moja tu. Ongodia akaiweka, akaizungusha, akaomba chaki ya kuandikia bei na rula. Akashikilia rula juu ya santuri bila kuigusa, akavuta chaki pembeni ya rula kutoka ukingoni kuja katikati, moja kwa moja. Aliposimamisha, mstari mweupe kwenye santuri ulikuwa umepinda kama mundu.

"Mkono wangu ulipinda?"

"Haukupinda," Baba akasema.

"Ni chombo kiligeuka chini yake. Upepo ni hivyo. Mahali hewa imepungua, upepo unakimbilia pale kujaza, unataka kwenda moja kwa moja. Dunia inageuka chini yake, upepo unakosa shabaha, unapita pembeni. Mwingine pia pembeni. Wote wanaishia kulizunguka lile shimo bila kuliziba. Hapo ndipo kimbunga kinazaliwa. Na santuri hii inakwenda kama saa, ndivyo vimbunga vya kwenu vinavyokwenda. Kaskazini ni kinyume."

"Na hapa kwetu?" Mama Safia akauliza. "Dunia si inazunguka hata hapa?"

"Inazunguka mama. Lete lile boga."

Akachoma mwiba mmoja juu ya boga karibu na kikonyo, na mwingine kiunoni. Akalizungusha. "Tazama. Huyu wa juu anajizungusha palepale, kama mlevi anatafuta kofia. Huyu wa kiunoni anabebwa mzimamzima, anakwenda safari lakini hajizungushi. Sisi ni wa kiunoni. Hapa upepo ukikimbilia shimo unafika na kuliziba, mambo yameisha, mvua imenyesha, mmelala."

"Ndivyo alivyosema baharia," Baba akasema. "Ukuta."

"Hapana. Hapo ndipo umekosea, na si kosa lako. Si ukuta." Ongodia akapitisha kidole kwenye boga kutoka kiunoni kushuka. "Hakuna mahali panabadilika kwa hatua moja. Kule kugeuka kunaanza kidogo, kidogo, kunaongezeka ukienda mbali. Kisumu iko ng'ambo ya mstari lakini ni kama hapa. Nairobi ni kama hapa. Mombasa yenyewe ni nadra. Lindi iko ukingoni. Vingi vinazaliwa mbali baharini, vinapinda kwenda Madagaska. Tangu kile cha kwenu, kimepiga kingine?"

"Sijasikia."

"Na sasa Nairobi wanapokea picha kutoka angani. Kimbunga kikiwa bado baharini wanakiona, cheupe, kimejikunja kama konokono. Wanajua kinaelekea wapi, ingawa kinaweza kuwadanganya. Hawakizuii. Lakini mtu anapata muda wa kutoka kwenye mabati."

Baba akasimama. "Wewe umekiona kwenye picha," akasema. "Mimi nimekiona kwenye baba yangu."

Ongodia akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli. Mimi nilirusha baluni tu."

Siku zilizofuata Baba alishona lile turubai la Ongodia mara mbili, akalifumua, akalishona tena. Asubuhi moja alisimama barabarani, akaupa upepo mgongo, akanyosha ule mkono wa kulia peke yake, kama alikuwa kule tayari. Akaingia ndani akamwambia Mama, "Siku ya salama niliikataa. Nikikataa na hii, mtoto ataniita mara ngapi? Nitakwenda mapema nikae nao kabla."

Mama akaenda nyuma ya jiko, nilimkuta amekalia mabati yake, analia na kufuta machozi kwa mgongo wa mkono.

Tuliondoka mwanzo wa Februari na lori la Edris likirudi tupu. Mama na mimi tulikuwa tunafika Kisumu kununua leso za bibi harusi, na kumuaga. Baba alivaa koti, akabeba shazia yake mfukoni, sijui alidhani nani Lindi ana turubai. Tulipopita Luanda Edris alimtazama, akapunguza mwendo bila kuambiwa. Kwenye kibao cha Maseno akasimamisha lori.

Baba akashuka. Watu wa sokoni walikuwa wanapita na ndizi zao, hakuna aliyekitazama kile kibao. Akasimama mbele yake, akatafuta upepo. Haukuwepo. Akalowesha kidole akakiinua, hakuna kitu. Akageuka huku na huku, mgongo hauna wa kumpa.

"Mzee, ni barabara tu," Edris akasema kutoka dirishani, safari hii kwa sauti ndogo.

"Najua ni barabara."

Akatembea. Hakuruka wala kufumba macho. Alitembea tu akaupita mstari, akaendelea kidogo, akasimama kutusubiri upande wa pili. Tulipomfikia uso wake ulikuwa na jasho lakini alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta haukufungwa.

"Rosebella," akasema, "hata harufu ni ile ile."

"Panda twende," Mama akasema. "Kisumu wanafunga maduka."

Kisumu Baba aliitazama kama mtoto. Alinunua leso mwenyewe, akakipima kimo cha msichana ambaye hajawahi kumwona akiwa mkubwa kwa kumsimamisha mwanamke mwuza duka na kuomba radhi. Leso zikafungwa kwenye karatasi. Tukarudi kituoni ambapo Edris alikuwa anaongeza hewa kwenye gurudumu. Palikuwa na watu wamekusanyika kwenye redio ya fundi mmoja.

"Nini?" Baba akauliza.

Edris hakugeuka. "Wamefunga."

"Wapi, Malaba tena?"

"Tanzania, mzee. Mpaka wote. Namanga, Lungalunga, Taveta, kote. Hakuna gari kupita."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema lini."

Baba akashika ile karatasi ya leso kwa mikono miwili. Mama alianza kusema labda kesho, labda keshokutwa, mipaka ni kama milango. Fundi akabadilisha idhaa, zikaja habari zile zile kwa sauti nyingine. Tulilala Kisumu kwa jamaa wa Edris, tukasubiri. Madereva waliotoka Nairobi wakasema hata ndege haziruki kwenda huko. Kila mtu alikuwa na habari, hakuna aliyekuwa na njia.

Tukarudi Malaba. Tulipopita Maseno mimi nilikitazama kibao, Baba alikuwa anatazama vidole vyake. Asubuhi yake alikwenda kazini, akakaa moja kwa moja kwenye gunia bila kusimama barabarani. Kijana mmoja wa lori asiyejua akamwita, "Mzee, ndege inatua saa ngapi?"

"Uwanja umefungwa," Baba akasema.

Ongodia alikuja na kikapu cha njugu. Alikitua chini, akasema, "Kwa jambo hili hatukuwa na baluni."

Magharibi yetu ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama kifuniko cha sufuria, na kusini kumefungwa kabisa. Edris naye hakuwa na la kufanya, maana ndugu yake alikuwa upande wa pili na ule mnyororo wa midomo ulikuwa umekatika. Mama akashauri tutume salamu redioni. "Mtu haozi binti kwa redio," Baba akajibu, "hata kama wangesikiliza."

Maulidi ikasomwa Busia, tukaenda, tukala pilau. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya alasiri Baba akavaa kanzu, akamwita Edris na Ramathan, mwenye duka la kamba, akawaomba wasimame uani kwetu kama mashahidi. Ongodia alikuwepo pia, akaulizwa Lindi iko wapi hasa. Akaangalia jua, akanyosha mkono kupita mabati ya Mama, kusini na mashariki kidogo.

"Sijui kama inafaa," Ramathan akanong'ona. "Kisheria, mzee, bwana harusi hayupo."

"Yupo," Baba akasema. "Tuko mbali tu."

Akageukia kule alikoonyeshwa. Akanyosha mkono wa kulia, kiganja wazi, kama anamshika mtu. Akasema jina la Mungu, akasema, "Nimekuoza binti yangu Kadija binti Osman kwa mahari mliyopatana." Halafu akangoja. Ni mahali ambapo bwana harusi hujibu kwamba amekubali. Edris alifungua mdomo, akaufunga. Kuku wakapita. Mkono ukabaki pale hewani, hakuushusha.

Mpaka naandika haya barabara haijafunguliwa, na hatujui kama Kadija aliolewa siku ile, au ami yake alisimama, au bado anakataa wakili na kungojea mkono.

Siku ile wingu lilikuwa limeshakusanyika upande wa ziwa. Upepo wa mvua ukaja ghafla kutoka kusini, ukapiga kanzu yake ikashikana na miguu, mabati nyuma ya jiko yakagonga kamba zao. Sote tulijua atafanya nini, Mama alishasogea kumpisha ageuke. Hakugeuka. Alisimama vilevile, upepo wote ukimjia usoni, mkono wake umenyoshwa mbele.